Kijiko si kipimo cha benzoeti

Mhariri,

Kila ukizuka mjadala wa juisi ya ukwaju na achari zinazouzwa hapa Lamu, wapo wasemao benzoeti, ile dawa ya unga inayotiwa zisiharibike, inaua bakteria wa tumbo, na wapo wasemao haina neno. Wote wamekosea mahali.

Bakteria wa utumbo mpana huchachusha makapi ya chakula na kutoa asidi za mafuta za mnyororo mfupi: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Benzoeti kwa sehemu kubwa haifiki huko. Hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, ini huigeuza, ikatoka na mkojo. Hata propionati inayotiwa kwenye mkate wa dukani usiote ukungu huishia huko juu, kwa hiyo mkate hauchukui nafasi ya kunde wala mbaazi, ambazo makapi yake huwafikia bakteria. Mimi ningeiogopa zaidi sulfaiti, dawa nyingine ya kuhifadhi chakula, wanayochovewa kamba wa baharini wasiwe weusi: majaribio ya maabara ya 2017 yaliona ikizuia aina 4 za bakteria wenye faida, kwa viwango vinavyohesabiwa salama. Hayo lakini ni ya maabara, si ya tumbo la mtu.

Balaa la benzoeti ni kupimwa kwa kijiko. Kodeksi, yaani kanuni za kimataifa za chakula, inaruhusu miligramu 250 kwa kilo ya kinywaji, na wataalamu wa Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 5 kwa siku kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 15 akimaliza chupa moja ya mililita 300 yenye kiwango hicho cha juu, amefikia kikomo chake cha siku hiyo. Ndoo ya lita 10 isizidi gramu 2.5, nazo zipimwe kwa mizani ndogo kama ya sonara. Ziyeyushe kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Ukizimwaga kavu ndani ya ukwaju zinaganda madonge, chupa moja ikapata nyingi, nyingine hapana.

Dawa hii hufanya kazi penye ukali tu, pH (kipimo cha ukali; ikishuka, ukali umezidi) chini ya 4.5. Ukwaju na embe mbichi sawa. Kwenye tikiti au madafu haishiki, ndipo muuzaji anapoongeza dozi na juisi inachacha vilevile. Juisi yenye ndimu na benzoeti isianikwe juani gatini: vitamini C, joto na mwanga huweza kuigeuza benzini, ambayo husababisha saratani.

Achari ya embe iliyokauka sawasawa, ikakolea chumvi na siki, haihitaji benzoeti hata chembe.

Msindikaji wa achari,
Langoni, Lamu