"Hapana" ya Hamadi

Leeds, Uingereza
14 Septemba 2025

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na wote hapo Tandika nawasalimu.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba Jumapili mnataka kumkalisha kikao ndugu yetu Hamadi kwa sababu kila akiambiwa aende kwa daktari anasema "hapana". Naomba kikao hicho kisifanyike. Na ule mpango wa baba mdogo wa kumwambia Hamadi anapelekwa NIDA kwenye kitambulisho cha taifa, halafu teksi iingie hospitali ya Muhimbili, nawasihi muuache kabisa. Hamadi hushika neno kama lilivyosemwa. Akidanganywa mara moja, kila mwaliko utakaofuata atauhesabu mtego, hata wa kwenda kung'oa jino.

Usonji (autism), hali ya ubongo inayobadili namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mambo, bado ni dhana yetu tu, hakuna daktari aliyemwona. Lakini hayo unayoniandikia kila mara, kwamba wali na maharage visigusane kwenye sahani, kwamba daladala ikibadili njia siku nzima imeharibika, kwamba utani anaujibu kwa uzito, yote yalikuwepo kabla hajaanza darasa la kwanza. Hilo ndilo la kushika, kwa sababu usonji huanza utotoni. Mtu aliyekuwa mchangamfu, akabadilika ghafla ukubwani na kuanza kusikia sauti, ana jambo jingine, na huyo anahitaji daktari upesi.

Sasa hiyo "hapana" yake. Mnamuuliza, "Una tatizo gani?" Swali hilo ni gumu kwake kuliko mnavyodhani. Watu wengi wenye usonji hupata taabu kutambua na kutaja kinachoendelea ndani yao; njaa, hofu na uchovu huwajia vimechanganyika. Basi hujibu "sina tatizo", wala hasemi uongo. Tena mkimwambia mbele ya watu wanne "kesho twende hospitali", mmemtwisha mabadiliko, macho ya watu na haraka kwa mpigo mmoja. Hapo "hapana" mara nyingi maana yake ni "nipeni nafasi nifikiri". Na mtaani kwetu ukitaja daktari wa akili, watu husikia "kichaa". Hamadi ana miaka 31, aibu hiyo anaijua vizuri.

Kwa hiyo anza na linalomkera yeye, si linalowakera ninyi. Mwenyewe ameshasema spika za jirani hazimwachi alale. Mwandikie kwenye WhatsApp hata kama yuko chumba cha pili, maana maandishi hayamlazimishi kusoma sura wala kukisia sauti. Ujumbe uwe na jambo moja, machaguo mawili na muda wa kujibu: "Hamadi, kelele za usiku zinakunyima usingizi. Tunaweza kuhamishia kitanda chako chumba cha uani, au utumie vya kuziba masikio. Unataka kipi? Unaweza kunijibu mpaka Ijumaa." Kisha nyamaza. Usimkumbushe kesho yake, wala usimtume mama akamuulize. Kinachoharibu mambo ni watu watatu kumuuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Akiona maneno yamebadilika, kwake swali limebadilika, na anaanza kufikiri upya. Msemaji uwe wewe peke yako. Akikubali hata jambo dogo, litimizwe siku ileile mliyoahidi. Na pesa ninayotuma, fungu lake apewe lote. Isigeuzwe fimbo ya kumlazimishia daktari.

Wageni wakija, ajulishwe siku moja kabla: ni nani, saa ngapi, watakaa mpaka lini. Patana naye atoe shikamoo, akae dakika 10, kisha aondoke sebuleni na asiitwe tena. Baba mdogo aelezwe mapema kwamba kutomtazama usoni si dharau. Kwa wengi wenye usonji, kumtazama mtu machoni na kumsikiliza ni kazi mbili, na ukiwalazimisha ya kwanza wanaikosa ya pili.

Akizidiwa, akaanza kupiga ukuta au maneno yakamkauka, mmoja abaki na wengine watoke. Zima redio na taa kali. Msimshike isipokuwa kuna hatari ya kuumia, msimhoji, na dua mama aisomee chumbani kwake, si juu ya kichwa cha Hamadi. Kutulia kunaweza kuchukua zaidi ya saa moja. Mazungumzo yasubiri kesho.

Kuna kazi nyingine ambayo haimhitaji akubali lolote. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha usonji. Daktari hutegemea mazungumzo, kumwangalia mtu mwenyewe, na historia ya utoto, na historia hiyo iko kichwani mwa mama. Kaa naye uandike kurasa 2 au 3. Alisema maneno ya kwanza akiwa na umri gani? Alikuwa akinyoosha kidole kuwaonyesha wengine kitu? Alicheza michezo ya kuigiza, kama kupikapika? Aliwahi kupata degedege? Masikio yake yaliwahi kupimwa? Andika matukio, si hukumu. "Mkaidi" halimwambii daktari kitu, ila "alipopitishwa njia nyingine kutoka shule alilia mpaka jioni" linamwambia. Mama asipokumbuka, andika hakumbuki. Tafuta na kadi ya kliniki na ripoti za shule ya msingi. Karatasi zikae kwako, asionyeshwe mtu mpaka Hamadi mwenyewe aridhie.

Siku akiridhia, nenda kwanza wewe hospitali ya rufaa ya Temeke ukaulize kliniki ya afya ya akili ni siku gani, foleni hupungua saa ngapi, na kama atahitaji rufaa ya Muhimbili. Mpigie picha mlango na mahali pa kusubiri umtumie. Mkisikia jina la Asperger, ambalo zamani lilitumika kwa baadhi ya watu wenye usonji, msibabaike: Shirika la Afya Duniani limeliingiza ndani ya usonji katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022. Dawa ya kuondoa usonji haipo, awe anauza mganga au duka. Zilizopo hutibu vinavyoambatana nao, kama wasiwasi, sonona na kukosa usingizi.

Subira yote hii ina mpaka. Akitaja kufa, akiacha kula au kunywa, au akikaa bila kusogea wala kusema kwa namna ambayo si kawaida yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mwambieni wazi mnakwenda wapi na kwa nini.

Kwenye bahasha hii nimeweka jozi 6 za sponji za kuziba masikio. Kila kimoja kinasokotwa kwa vidole kikiwa kikavu mpaka kiwe chembamba, sikio linavutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kinaingizwa na kushikiliwa kama sekunde 30 kivimbe. Kikisukumwa bila kusokotwa hakizuii kitu, naye atasema havifai. Mwandikie maelezo haya, uviweke mezani kwake, uondoke.

Mdogo wako,
Zuhura