Kabla hujaliuza lile dishi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana niliujibu kwa neno moja, "subiri," na najua umenuna. Huku Tanga bibi yako anaendelea vizuri, leo kala uji bakuli zima, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia kwa kirefu. Unataka kumwita kijana wa vyuma chakavu achukue dishi lililoegemea ukuta wa uani, lile wanalonywea maji bata wa jirani. Sikatai. Ila usimpe ukidhani ni dishi la televisheni. Bati lililo juu ya kichwa chako limenunuliwa na dishi hilo.

Fremu ya mbele, unayoijua kwa fotokopi na vocha, mwaka 2004 ilikuwa intaneti kafe. Kompyuta nane za mtumba, feni mbili, na benchi la wanaosubiri zamu. Saa moja shilingi elfu moja. Mtandao wote ule, tulioupata kwa dishi hilo kutoka kwenye setilaiti, ulikuwa kilobiti 128 kwa sekunde, kwa kompyuta zote nane. Gawanya mwenyewe: kilobiti 16 kila mmoja, wote wakiwa kazini. Picha ndogo ya kilobaiti 100, na baiti moja ni biti nane, ilikula karibu dakika nzima.

Kulikuwa na mzee mmoja, baharia mstaafu, mwanawe yuko Muscat. Siku hiyo katumiwa picha ya mjukuu. Ikaanza kushuka mstari kwa mstari kutoka juu: dari, pazia, kisha utosi. Mzee akavaa miwani. Ilipofika kwenye kipaji cha uso ikagoma. Tukangoja. Watu wa kwenye benchi wakaja kusimama nyuma yake, hata waliokuwa wamelipia saa zao wakaacha barua zao. Macho yalipotokea mzee akasema, "Huyu wa kwetu," akainuka, akalipa, akaenda zake kabla pua haijashuka.

Wewe ukiona kiduara kinazunguka sekunde tatu unatupa simu kitandani.

Sababu ya kukawia kule ilikuwa angani. Setilaiti yetu ilikaa juu ya ikweta, kilomita kama 36,000 kutoka ardhini. Ombi lako lipande, lishuke Ulaya, jibu lipande tena, lishuke Magomeni: kilomita 144,000 na ushee. Hata kwa mwendo wa mwanga ni nusu sekunde inapotea njiani kila ukibofya, bado foleni yenyewe. Mtu wa Magomeni akimwandikia mwenzake wa Upanga, mara nyingi barua ilipita Ulaya kwanza! Mvua ya masika ikikaza tulikatika kabisa, nikawa nawakaangia wateja karanga wasiondoke. Na malipo yake yalikuwa ya dola. Siku hizo megabiti moja kwa sekunde, yaani kilobiti elfu, ya setilaiti Afrika Mashariki ilifika maelfu ya dola kwa mwezi. Ndiyo maana mimi nilinunua kipande cha kipande.

Nikipata nafasi usiku, wateja wameondoka, nilikuwa nasoma huu mtandao ulitoka wapi. Nikakuta hata wenyewe walianza kwa kukwama. Tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi mmoja wa chuo cha UCLA kule California aliandika neno LOGIN kwenda kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford. L ikafika, O ikafika, kompyuta ya upande wa pili ikazima. Nilicheka peke yangu, maana mimi nimeshakwama kabla hata ya L. Na Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, yaani kurasa tunazozifungua mtandaoni, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi: tarehe 30 Aprili 1993 taasisi yake ilitangaza kwamba kila mtu anaweza kuitumia bure. Wangetaka malipo kwa kila kafe, sidhani kama fremu ile ingefunguliwa.

Lakini huku kwetu kilichobadilisha mambo kilitoka baharini, si angani. Ungeniuliza wakati ule ningekwambia waya wa baharini ni hadithi. Kumbe si jambo geni pwani hii. Waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, ukaendelea Msumbiji hadi Durban. Jengo walilofanyia kazi watu wa telegrafu lipo Shangani mpaka leo, limekuwa hoteli. Tofauti ni kwamba waya ule ulibeba umeme, na mkongo wa sasa wa intaneti unabeba mwanga ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Charles Kao alieleza mwaka 1966 kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha mwanga utasafiri mbali, na tuzo ya Nobel akaipata 2009, mwaka huohuo mkongo wa SEACOM ulipowashwa hapa, tarehe 23 Julai. Kilomita zipatazo 17,000, Afrika Kusini, Msumbiji, Dar, Mombasa, Djibouti, na mbele zaidi. Kwenye kina kirefu unene wake ni kama mpira wa kumwagilia bustani. Hakuna ajabu kubwa kama hiyo, na watu wanaizungumzia kama bei ya nyanya.

Niliuombea ule mkongo, mwanangu. Ulipofika, waliokuwa wakiniuzia mtandao waliendelea kunitoza bei ya setilaiti karibu mwaka mzima, kila nikiuliza naambiwa njoo wiki ijayo. Hatimaye tukaunganishwa. Kompyuta zikawa zinaruka. Benchi lilijaa kwa miezi kama minne hivi, nami nikaanza kupiga hesabu ya fremu ya pili. Kisha mkongo uleule ukawafikia watu wa simu, bando likashuka bei, na yule aliyekuwa akisubiri zamu kwangu akawa anakaa barazani kwake na mtandao mfukoni. Mwaka 2013 niliuza kompyuta sita nikanunua mashine ya fotokopi. Nililia kidogo, jikoni, huku nikikata vitunguu ili usiniulize.

Unakumbuka Mei 2024 uliponipigia kutoka chuoni ukisema bando lako limeliwa? Halikuliwa. Jumapili ya tarehe 12 mikongo miwili ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi kadhaa zikatambaa pamoja nawe. Ikabidi meli iende, ivue waya, mafundi waunge zile nyuzi, wairudishe chini. Wewe ulikuwa unawasha na kuzima simu.

Basi uza. Ila mwambie kijana aje Jumamosi nikiwa nimesharudi, maana boliti zimeshika kutu na wewe hujui nilikoweka spana. Na lile bomba la paani lililochimbiwa zege asiling'oe, ndilo ninalofungia kamba ya nguo.

Mama yako