Tumehamia kwetu, lakini siku zimekosa ladha

Shikamoo Anti,

Majibu yako nayasoma siku nyingi, mengi ni ya ndoa na wakwe, na nimesita kuandika kwa sababu langu halina mkosaji. Mume wangu ni mtu mwema, watoto wanasoma, kazi ninayo. Nikilisema kwa mdomo watu wananitazama kama mtu aliyeshiba anayenung'unikia chakula. Basi niache nilieleze polepole.

Nina miaka 44, ni karani katika ofisi moja Posta, Dar es Salaam. Tangu tuoane tulipanga Magomeni, mitaa ya Mwembechai, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido katikati, choo na bafu uani. Sisi tulikuwa na viwili. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ikikaribia mimi na baba watoto hatusemeshani vizuri. Humo ndani tulikuwa na fundi cherehani, mama muuza vitumbua, vijana wawili wa Kariakoo, na bibi mwenye nyumba mwenyewe. Luku ilikuwa moja, kwa hiyo ugomvi haukukauka: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani kaahidi buku mbili hajatoa. Sikufichi, ile luku niliichukia. Naosha vyombo huku nasema moyoni, ngoja tuhamie kwetu.

Kwetu ni Mabwepande, ukishapita Bunju. Tulijenga kama wanavyojenga wengi wa mshahara, kwa vipande. Mwaka huu msingi, mwaka mwingine boma, boma likakaa mpaka likaota majani ndani, ndipo tukapata hela ya kupaua. Kila shilingi ilikuwa na pa kwenda. Kijumbe akinikabidhi hela ya mchezo, hailali nyumbani: ni lori la mchanga, au mifuko ya saruji. Nilijua bei ya nondo za milimita 12 kuliko bei ya nyanya. Jumamosi ni saiti, kwa sababu fundi asiposimamiwa saruji huota miguu. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ninaamka kwa ajili ya nini. Ningepata wapi nafasi? Fundi yuko kwenye simu, lenta inamwagwa kesho na kokoto hazijafika.

Mwaka jana tukahamia. Vigae chini, jipsamu juu, ukuta umezunguka, geti jeusi. Ndugu walikuja wakala pilau, wakapiga picha sebuleni, wakaondoka.

Anti, kilichofuata ndicho ninachokuandikia. Natoka nyumbani giza, boda mpaka Bunju, daladala mpaka Makumbusho, nyingine mpaka Posta. Narudi giza. Jirani wa kulia namjua kwa gari lake. Wa kushoto namjua kwa mbwa. Kila mtoto ana chumba chake, jambo tulilolipigania, na sasa kila mmoja anajifungia na simu. Jumapili mchana ndiyo mbaya kuliko zote: nyumba safi, chakula kimeiva, baba yuko kwenye mpira, mimi nazunguka natafuta cha kufuta vumbi.

Juzi juzi nyumba ya tatu kutoka kwetu walifiwa. Nilijua nilipoona turubai. Nikajifunga khanga, nikatia kisu kwenye mkoba, nikaenda kusaidia kupika kama tulivyokuwa tukifanya Magomeni. Nikakuta chakula kimeagizwa, vijana wenye aproni wanapakua. Hapakuwa na hata kitunguu cha kumenya. Nikatoa rambirambi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki na watu nisiowajua, nikarudi na kisu changu.

Siku nyingine nikitoka kazini napanda mwendokasi mpaka Mwembechai, naenda kukaa uani kwa bibi. Nachambua mchicha wa watu, nasikiliza ugomvi wa luku usionihusu, narudi nyumbani usiku nikiwa mwepesi. Mume wangu anajua, na hapendi. Anasema watu watasema nyumba imenishinda.

Unakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, serikali ilipowatoa watu wa Bonde la Msimbazi ikawapa viwanja huku huku Mabwepande? Wapo waliorudi bondeni, kwenye maji yale yale, na mjini tuliwasema sana. Najua walifuata riziki, huku hakukuwa na biashara. Lakini siku hizi nahisi haikuwa riziki peke yake.

Hospitali nimekwenda, nikidhani ni presha. Presha sawa, sukari sawa. Daktari, binti mdogo mwenye adabu, akaniuliza kama nalala, kama nakula, kama nimewahi kuwaza kujidhuru. Nalala, nakula, sijawaza. Akasema haoni dalili za sonona, ila nirudi haraka nikiona usingizi au hamu ya kula vinakatika. Kwa hiyo huko usinitume tena, nimeshatoka.

Ushauri mwingine ninao wa kutosha. Wifi anasema nifuge kuku wa mayai. Sipendi kuku, Anti, na harufu yao siiwezi. Mwenzangu wa ofisini anasema nishukuru, wangapi hawana hata banda. Nashukuru kila siku, na Jumapili mchana inakuja vile vile. Mume wangu kwa upendo wake anasema tununue kiwanja kingine, Kiromo, kule Bagamoyo, tuanze upya. Aliposema hivyo moyo uliniruka kwa furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyonitisha. Nitafika 60 na kustaafu nikiwa na maboma matatu na hakuna ninayemjua.

Nililowaza mimi ni kujenga vyumba viwili vya uani, tupangishe watu wenye watoto, kuwe na sauti. Baba watoto alicheka mpaka akakohoa: tumewakimbia wapangaji miaka yote, leo tuwalete wenyewe? Nikasema basi tuweke kibaraza cha saruji nje ya geti, na kivuli, nikae pale jioni za Jumapili watu wakipita. Hapo hakucheka. Alisema tutaalika wezi.

Kinachonishinda ni kutenganisha mambo mawili. Sijui kama nimekosa watu, au nimekosa kazi ya kujenga, maana vyote viwili viliisha siku moja. Kama ni watu, naanzaje, katika umri huu, kugonga geti la mtu na kusema nimekuja tu kusalimia? Na nimwambieje mume wangu haya bila yeye kusikia kwamba nadharau jasho lake? Ile nyumba kaijenga kwa kujinyima. Viatu vyake vya kazini vilishonwa mpaka fundi viatu akakataa.

Na kama kuna msomaji wa Madale, Kibada au Chanika aliyepitia haya, naye aniambie alifanyaje. Ila jina langu usilitoe, tafadhali. Wifi wa kuku naye anakusoma.

Mama wa Mabwepande