Vidonge vya mwani: kopo liseme kilichomo

Mhariri,

Hapa Jinja, Uganda, siku hizi kuna vidonge vya mwani wa kahawia vinavyouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha kitambi. Ahadi za namna hiyo sisi watu wa dawa tumezizoea. Juzi niliomba kopo nikaligeuza pande zote: picha ya bahari, maneno "mafuta asilia ya mwani", basi. Mwani gani? Kiasi gani? Kimya.

Mafuta hayo yapo kweli. Yana fukosteroli (kemikali ya mwani iliyo jamii moja na kolesteroli), omega-3, na fukozanthini, ile rangi inayoupa mwani huo ukahawia wake. Fukozanthini ndiyo iliyozua kelele zote: mwaka 2005 watafiti wa Japani walieleza kuwa panya waliolishwa fukozanthini ya wakame, mwani wa kahawia unaoliwa kwao, walipungua mafuta mwilini, kwa kuwa mafuta hayo yalianza kuchomwa yakawa joto. Panya, lakini. Na mwani wenyewe hauna mafuta mengi. Ukishakauka, mara nyingi ni asilimia chache tu za uzito wake, na fukozanthini ni sehemu ndogo ya hizo chache. Tena huharibika kwa mwanga na joto, nayo makopo yanapangwa dirishani yakipigwa jua mchana kutwa.

Muuzaji akaniapia kuwa mzigo umetoka Zanzibar. Mwani unaolimwa kule, hata ukionekana wa kahawia, ni wa kundi la mwani mwekundu, na fukozanthini haimo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni madini joto. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, na gramu moja tu ya kombu kavu, aina nyingine ya mwani wa kahawia, yaweza kupita 1,000. Chumvi yetu nayo imeshatiwa madini hayo. Mama mjamzito, au mwenye matatizo ya tezi ya shingo, akimeza vidonge hivi bila kujua kipimo, anajitafutia maradhi.

Mwenye shida ya omega-3 aende sokoni akanunue mukene, dagaa wetu wa Ziwa Viktoria. Atapimiwa kwa kikombe na kuongezewa juu.

Ombi langu kwa wanaoidhinisha bidhaa hizi: kopo lisifike dukani kabla halijaandikwa jina la mwani, miligramu za fukozanthini na maikrogramu za madini joto, kwa Kiingereza, Kiluganda na Kiswahili. Na yale yaliyokwisha kuingia bila maandishi hayo, yaondolewe.

Mfamasia,
Jinja