Barua kwa mdogo wangu wa Uyole: mikate miwili na sado ya Mama

Leeds, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Nifikishie shikamoo kwa Baba, Mama na Bibi. Najua Juni hii baridi ya Uyole haina huruma, mwambie Bibi asitoke nje mapema kabla jua halijachomoza vizuri.

Picha ya daftari lako nimeipata. Nimeikuza kwenye simu, nikasoma sentensi moja moja, na pale mwalimu alipokata kwa kalamu nyekundu nimepaona: "many informations", "an advice", "three luggages". Halafu chini umeniandikia kwamba Kiingereza hukiwezi na mtihani wa kidato cha nne unakuja. Usiseme hivyo, mdogo wangu. Shule ya msingi yote umesoma kwa Kiswahili, ukaingia kidato cha kwanza ukakuta kila somo limegeuka. Kosa hili, la kuhesabu maneno ambayo Kiingereza hakiyahesabu, tumelifanya wengi tuliopita njia hiyo. Mimi nimelifanya nikiwa tayari huku, kazini, na watu wakakosa chakula.

Nipo jikoni katika nyumba ya kulelea wazee. Mwezi wangu wa kwanza, jioni moja, mwenzangu anayeagiza vyakula alipiga simu kuuliza mkate umebaki kiasi gani. Nikafungua kabati, nikaona mikate miwili, nikamjibu: "We have two breads." Akashukuru, akakata simu. Kesho yake asubuhi mkate uliisha wazee wengi hawajala. Kuna bibi mmoja amezoea chai na mkate wa kuchoma saa mbili kamili. Alikaa na sahani yake tupu mbele, kisu cha siagi mkononi, akinitazama bila kusema neno. Sura ile sijaisahau.

Mwenzangu hakukosea. Mwingereza akisikia "two breads" anaelewa aina mbili za mkate, labda mweupe na wa ngano isiyokobolewa, basi akadhani upo wa kutosha. Nilitakiwa kusema "two loaves of bread". Kinachohesabika ni "loaf", yaani mkate ulioumbwa, wenye mwanzo na mwisho. "Bread" ni chakula chenyewe, hakina umbo, kama unga usivyo na umbo.

Usiku ule nilimkumbuka Mama kwenye meza yake pale sokoni Mwanjelwa. Mteja akitaka maparachichi, Mama anauliza, "Mangapi?" Akitaka mchele wa Kyela, anauliza, "Kilo ngapi?" Hajawahi kumuuliza mtu anataka michele mingapi. Mchele haubebwi kwa kuhesabu punje, lazima kiwepo kipimo katikati: kilo, sado, debe. Kiingereza nacho kinadai kipimo hichohicho: "a kilo of rice", "a bag of flour", "a drop of oil". Na kwa vitu visivyopimwa kwa kilo wala debe, kipimo chao kikubwa ni "piece". "A piece of advice", "two pieces of information", "three pieces of luggage". Ukitaka kuhesabu vitu vya namna hiyo na Kiingereza kinakataa, mara nyingi utachukua "piece" kama Mama anavyochukua sado.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Umeandika kwamba "many" na "much" zinakuchanganya kwa sababu kwetu zote ni "-ingi": watu wengi, maji mengi, sukari nyingi. Kweli kabisa. Lakini geuza upande wa pili. Unasema watu wachache, vitabu vichache, mayai machache. Je, Mama akikuagiza chumvi, anasema "lete chumvi chache"? Anasema chumvi kidogo. Maji kidogo, sukari kidogo, unga kidogo. Hakuna aliyekufundisha, umekua nayo. "Chache" ni "few", na mwenzake ni "many". "Kidogo" ni "little", na mwenzake ni "much". Ukikwama kwenye mtihani, ijaribu nomino kwa Kiswahili kwanza: inakubali chache au inataka kidogo?

Usitazame ngeli, zitakupoteza. Sisi tunasema maji haya yamechafuka, kana kwamba ni wingi. Wao wanasema "this water is dirty", umoja. Ndivyo yalivyo maziwa na mafuta pia.

Na jaribio langu hili la chache na kidogo lina mahali linapogoma, sitakuficha. Habari chache tunasema, mizigo michache, samani chache, vifaa vichache, lakini "information", "luggage", "furniture" na "equipment" hazihesabiki. Ongeza "homework" na "news", ambayo ina "s" mwishoni na bado ni umoja: "the news is good". Nyingi kati ya hizi ni majina ya rundo. "Furniture" ni rundo. Viti na meza vilivyomo ndani ya rundo ndivyo vinavyohesabika. "Money" nayo ni hivyo. Mama kila jioni anahesabu noti na sarafu, shilingi zinahesabika, ila neno "money" lenyewe halichukui namba. Hizi ziandike ukurasa wa mwisho wa daftari uzikariri, hakuna njia ya mkato.

Wenye lugha wenyewe imewahi kuwateleza. Njegere zamani waliziita "pease", neno lililotumika kwa punje moja na kwa rundo zima pia. Watu wakaisikia ile "s" ya mwisho wakadhani ni ya wingi, wakaikata, na kufikia karne ya 17 wakawa na "pea" moja na "peas" nyingi. Kosa likawa ndiyo Kiingereza sahihi. Wewe lakini usimwambie hivyo msahihishaji wa mtihani.

Ukishindwa kabisa kuchagua kati ya "many" na "much", "a lot of" inakwenda na nomino za aina zote mbili.

Jumamosi nenda ukakae na Mama mezani. Andika kila anachouza, viazi, njegere, mchele, dagaa, mafuta, na mbele ya kila kimoja weka chache au kidogo jinsi wateja wanavyotamka. Kisha kando yake andika Kiingereza. Nipigie picha unitumie usiku, nitakuwa zamu ya jioni lakini nitaisoma nikirudi. Pesa ya madaftari nimemtumia Mama, mkumbushe.

Ndaga fijo, asanteni sana wote.

Kaka yako