Kwa nini tulikataa kukufungia matairi ya porini kwenye rimu za 22

Wiki iliyopita mteja alitoka kwetu amekasirika, na jioni akatuandikia kwamba sisi ni matapeli. Alikuja na Land Rover Defender 110 yenye rimu za inchi 22, akataka tumfungie matairi ya porini maana anasafiri kwenye mawe na mchanga. Tukamshauri ashuke hadi 18 au 19. "Yaani nilipie rimu ndogo wakati kubwa ninazo?" Si wa kwanza kuuliza, na tukimjibu kila mtu dirishani foleni haisogei, basi jibu ni hili.

Soma ubavu wa tairi lako. Likiandikwa 255/70R18, upana wake ni milimita 255, ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 18. Ubavu hapo unafika milimita 178. Defender hiyohiyo hutoka kiwandani pia na 255/60R20, ubavu 153, au 275/45R22, ubavu usiozidi 124. Sasa pima kimo cha gurudumu zima: ya 18 na ya 20 yote yana milimita 814, na ya 22 ni 806. Umeona? Rimu ya 22 haikunyanyui hata kidogo. Umeongeza chuma, umepunguza mpira.

Na porini mpira ndio unaofanya kazi. Kwenye mchanga dereva hupunguza upepo ili tairi lilale na likanyage eneo refu zaidi. Ubavu mrefu una pa kulala. Mfupi ukiutolea upepo, jiwe la kwanza linaubana kwenye mdomo wa rimu, na hapo unakatika. Pancha ya kwenye kashata, yaani sehemu inayokanyaga barabara, tunaziba. Mkato wa ubavuni hatuzibi, hata ukitubembeleza. Mama mmoja mwenye Range Rover aliondoka na matairi manne mapya akarudi na mawili, mengine mawili yamekatika ubavuni safari moja, na rimu moja mdomo umepinda. Alikuwa amepunguza upepo kama dereva wa mbele yake alivyopunguza. Yule wa mbele alikuwa na rimu za 18.

Kama huachi lami, baki na 22 zako. Zinapendeza, stelingi inajibu upesi, na sisi tutakuuzia kwa furaha.

Wengine wanakubali kushuka, ila wanataka njia ya mkato, na hapa ndipo pesa inapopotea. Bwana mmoja alinunua seti ya rimu zilizotumika za Land Cruiser 200 afunge kwenye 300 yake. "Land Cruiser si Land Cruiser?" Ya 200 ina nati tano kwenye duara la milimita 150, ya 300 ina nati sita kwenye duara la 139.7. Huyo ana bahati, maana hazikuingia kabisa. Hatari ni zile zinazoingia. Tumepokea gari ambalo nati zote zilikaa vizuri, lakini tundu la katikati la rimu lilikuwa pana kuliko hab, yaani kitovu ambacho rimu hukalia. Mwenyewe alishafanyiwa balansi mara tatu kwingine na stelingi bado ikitetemeka. Tulimwekea pete za katikati kujaza nafasi hiyo, mtetemo ukaisha, na bado alilalamika kwamba pete ni ghali. Hakutaja zile balansi tatu.

Mkato mwingine ni kununua tairi la saizi sahihi lisilobeba uzito. Baada ya saizi kuna namba na herufi. 116 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,250. 110 ni kilo 1,060. Magari haya yana zaidi ya tani mbili kabla hujapakia familia, maji na hema la juu. Bei nafuu mliyoionyesha kwenye simu mara nyingi imejificha kwenye namba hiyo.

Wa kununua matairi mawili tu pia tunawajua. Kwa gari linalosukuma magurudumu yote manne muda wote, mbele mapya na nyuma yaliyolika yanazunguka kwa kasi tofauti, na difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye lami iliyonyooka. Tuliwahi kumwambia mtu hivyo, akacheka. Aliporudi hakuja kwa matairi.

Tunajua bili yetu ina mstari wa "kipimo" ambao wengi wanaona ni wizi. Si kila gari linashuka hadi 18: lenye injini kubwa lina breki kubwa, na kalipa, ile sehemu inayobana diski ya breki, inaweza kugusa rimu. Kwa hiyo tunafunga rimu moja kwanza, tunaizungusha kwa mkono, tunakata stelingi hadi mwisho kulia na kushoto, tunashusha sasipensheni ya upepo hadi chini kabisa, tunaangalia kama mpira unagusa madigadi. Ukitaka tairi refu kuliko la kiwandani kwa asilimia 3, spidomita ikisema 100 mwendo wako halisi utakuwa kama 103, na hilo tunakuambia kabla hujalipa. Hiyo ni saa moja ya fundi, na hatuipunguzi.

Ukija, njoo na picha ya kibandiko cha mlangoni chenye saizi na upepo. Njoo na spea pia, maana spea ya kimo tofauti ni tatizo lilelile la difu. Na tafadhali, ule ufunguo wa nati ya kufuli uutafute nyumbani kabla hujaondoka. Tumeshazikata nati hizo vya kutosha, na kila mara lawama ni zetu.