Tuipime kwadi kabla ya kukaza springi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumze na mafundi wenzangu wa Mwanza, pamoja na vijana wanaoendesha pikipiki za magurudumu manne, zile tunazoziita kwadi, katika mbio na mazoezi ya mwishoni mwa wiki. Nina jambo moja tu la kusema: urefu wa kwadi kutoka ardhini hupimwa mpandaji akiwa ameketi juu yake, na haifai kuukisia kwa kukaza springi mpaka mkono wa fundi uchoke.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka michache iliyopita kijana mmoja aliniletea kwadi yake ya spoti akilalamika kwamba kila anaporuka tuta, fremu inagonga chini. Sikumuuliza uzito wake, sikumwambia apande, sikupima chochote. Nilizikaza zile nati za duara zinazoshikilia springi, mbele na nyuma, mpaka uzi ukakaribia kuisha, kisha nikamkabidhi ufunguo. Alipotoka hapo alipitia kwa mjaza upepo wa kando ya barabara, ambaye alimjazia matairi kama anavyowajazia bodaboda. Jioni ile ile, katika kona ya kawaida ambayo alikuwa ameipita mara nyingi, kwadi ilipinduka naye akavunjika mtulinga. Alipona, na bado ni mteja wangu, lakini tangu siku hiyo sijakaza springi ya mtu bila kupima.

Wengi wetu tumeaminishwa kwamba springi ikikazwa inakuwa ngumu zaidi, na sivyo ilivyo. Ugumu wa springi umo katika unene wa chuma chake, upana wake na idadi ya mizunguko yake, na hakuna nati inayoweza kuyabadilisha hayo. Tuchukue mfano wa springi inayohitaji mzigo wa kilo 10 ili ifupike kwa milimita 1. Ukiikaza kwa milimita 10 haitasogea mpaka ilemewe na kilo 100, lakini ikishaanza kusogea itaendelea kufupika milimita 1 kwa kila kilo 10, vile vile kama ilivyokuwa mwanzo. Kinachobadilika ni mahali inapoanzia kazi, na pamoja nacho urefu wa kwadi. Tena urefu huo hubadilika zaidi kuliko fundi anavyodhani, maana shokapu hufungwa kati ya fremu na mkono wa tairi, mbali na mwisho wa mkono huo. Shokapu ikisogea milimita 1, tairi husogea milimita 2 au zaidi, kwa hiyo mizunguko michache ya nati hutosha kuinua fremu kwa sentimita nzima.

Kwadi nyingi za mbio hazina difu nyuma, ile gia inayoruhusu matairi mawili kuzunguka kwa kasi tofauti. Ekseli ni moja na matairi yake mawili huzunguka kwa pamoja, hivyo kwenye kona tairi la ndani, lenye njia fupi, hulazimika kuteleza kidogo ili kwadi igeuke. Chombo kikiwa chini na mpandaji akiegemea ndani ya kona, utelezi huo hutokea kwa upole. Kikiwa kimeinuliwa, uzito nao umepanda juu, na tairi likishika ghafla ile nguvu iliyopaswa kukitelezesha hukipindua. Nasi hapa kwetu ardhi hubadilika ndani ya hatua chache: mtu anatoka kwenye luseni, ule mchanga wa miinuko ya Usukuma, anakanyaga mgongo wa jiwe la matale linaloshika tairi kama msasa, kisha anashukia udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha huganda kwenye matairi na kuongeza kilo ambazo hakuna aliyezihesabu. Mpandaji wa kwetu anahitaji kwadi iliyopimwa vizuri kuliko yule anayezunguka uwanja wa udongo wa aina moja.

Kazi ya kupima huanzia kwenye upepo. Matairi ya kwadi za spoti kwa kawaida hutumia presha ndogo sana, psi 4 hadi 6 kwa nyingi kati yake, wakati tairi la bodaboda hubeba 25 na zaidi. Geji ya kawaida haiwezi kusoma psi 4 kwa uhakika, kwa hiyo gereji inayopokea kwadi inapaswa kuwa na geji ya presha ndogo. Tairi lililojazwa kama la bodaboda huinua kwadi, hudunda juu ya kila kokoto, na humfanya mwenyewe alaumu shokapu zisizo na kosa.

Baada ya upepo tafuta sakafu iliyonyooka. Mimi hutumia pima maji ya fundi mwashi. Inua kwadi mpaka matairi yaning'inie, kisha pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu hadi alama uliyoiweka kwenye fremu. Ishushe, mpandaji aketi akiwa amevaa kila anachovaa siku ya mbio, mafuta yakiwa kwenye tangi, na upime tena kati ya alama zile zile. Hapo kuna hatua ambayo wengi wanairuka: kabla ya kupima, kwadi ibonyezwe mara kadhaa, kisha isukumwe mbele na nyuma kwa mita moja hivi. Mikono ya mbele inaposhuka huyasukuma matairi kwenda nje, na sakafu huyazuia yasifike yanakotaka kufika. Usipoisukuma utapata kipimo cha juu kuliko ukweli, na ukirudia utapata kingine, na mwishoni utaamini kwamba kupima ni kupoteza muda.

Tofauti ya vipimo viwili hivyo ndiyo mbonyeo. Kwa kuanzia, theluthi ya mwendo wote wa tairi, ule umbali ambao tairi linaweza kusogea kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, ni kiasi kizuri, yaani kama tairi la nyuma lina mwendo wa milimita 270, kwadi ibonyee karibu milimita 90 mpandaji anapoketi. Ukishafikia hapo, mwambie ashuke uone kwadi inabonyea kiasi gani kwa uzito wake yenyewe. Ikiwa imepanda hadi juu kabisa bila kubonyea hata kidogo, springi hiyo ni laini mno kwake na umeikaza kupita kiasi ili kuificha kasoro. Ikiwa inaendelea kukaa chini sana, springi ni ngumu mno. Dawa ya yote mawili ni kubadilisha springi. Najua kwamba springi ya kwadi haipatikani katika kila duka la vipuri hapa Mwanza, na kwamba wapo wanaobandika springi ya chombo kingine kwa sababu tu inaingia. Kuagiza na kusubiri kunaudhi, lakini mtulinga wa mtu hauagizwi.

Kuhusu skrubu za mafuta ya shokapu nitasema machache. Hizo hutawala kasi ya kubana na kasi ya kurudi, na haziinui wala kushusha kwadi. Hesabu kliki zilizopo, ile milio midogo ya skrubu inapozungushwa, na uziandike kabla ya kubadilisha chochote, kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kurudi kukiwa polepole mno, katika barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati kwadi huzidi kuzama katika kila wimbi mpaka haina mwendo uliobaki; kukiwa kwa haraka mno, nyuma humrusha mpandaji. Gesi iliyo ndani ya shokapu isifunguliwe na mtu asiye na vifaa vyake.

Na urefu ukishabadilika, uelekeo wa matairi ya mbele hubadilika nao, hata ulegevu wa cheni, kwa hiyo vyote viwili vikaguliwe upya kabla ya kwadi kutoka gereji.

Ninawaomba wanaoandaa mbio, wanapokagua breki na kofia ngumu, wakague pia presha ya matairi na walinganishe nati za springi za kulia na kushoto, kazi isiyozidi dakika tano kwa kila kwadi. Nawe Ndugu Mhariri, ninakuomba waandishi wako wa michezo wanapotuandikia nani ameshinda na nani ameanguka, wawaulize waliofungua vyombo baadaye kwa nini huyu alianguka. Kwa upande wangu, katika gereji yangu ninaweka daftari lenye uzito na vipimo vya kila mteja, na fundi yeyote anayetaka kuja kuangalia namna ninavyopima anakaribishwa, mradi aje na mpandaji wake, na mpandaji huyo aje na buti na kofia yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa pikipiki,
Nyakato, Mwanza